Uzi: Muziki wa filamu upi unastahili tano bora za Oscar? Tukadirie kwa hesabu, si kwa mahaba

Kinanda_Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Kigoma na wengine wote, habari za jioni. Msimu wa tuzo unakaribia na watu wameshaanza kutaja muziki wa filamu waupendao. Makadirio mengi yanakosea kwa sababu yanaanzia masikioni, wakati yanapaswa kuanzia kwenye kanuni. Muziki unaweza kuwa mtamu kuliko wote wa mwaka huo na usipate kura hata moja kwa kuwa haukuruhusiwa kushindana. Naweka utaratibu hapa, mnikosoe.

Tunazungumzia muziki wa kusindikiza picha, ule uliotungwa kwa ajili ya filamu na unaopita chini ya maneno na matukio. Wimbo wa filamu una tuzo yake na msiuchanganye humu.

Chujio la kwanza: kanuni ya Akademia, chombo kinachotoa Oscar, inataka muziki mpya wa mtunzi usipungue asilimia 35 ya muziki wote uliomo kwenye filamu. Miaka michache nyuma ilikuwa asilimia 60, wakalegeza. Kwa filamu ya mwendelezo, muziki mpya usipungue asilimia 80. Hapo ndipo Dune: Part Two ya 2024 ilipokwama. Hans Zimmer alishinda kwa sehemu ya kwanza ya 2021, lakini sehemu ya pili ilibeba mno muziki wa ile ya kwanza ikatolewa kabla ya kura.

Namna ya kupima mwenyewe: chukua daftari, chora safu nne. Muda muziki unapoingia, muda unapotoka, aina, na chombo kinachoongoza. Kwenye aina tumia herufi: M kwa muziki mpya, Z kwa muziki wa zamani uliokuwepo kabla ya filamu, R kwa melodi iliyorudiwa kutoka filamu iliyotangulia, T kwa muziki unaosikika ndani ya tukio lenyewe, kama redio ya baa au bendi ya harusini. Majina ya mwisho yape mstari wao, maana huwa ni dakika nyingi na yanaweza kuvuta asilimia upande mmoja.

Ukimaliza jumlisha. Tuseme filamu ina muziki wa dakika 70 ukihesabu kila kitu. Asilimia 35 yake ni dakika 24 na nusu. M ikifika dakika 30, imepita. Ikiwa ni mwendelezo, M inatakiwa ifike dakika 56. Kipimo chetu ni cha daftari tu, wakati hesabu rasmi inatokana na orodha ya vipande vya muziki inayowasilishwa pamoja na filamu. Kwa hiyo ukipata kati ya asilimia 30 na 40, weka alama ya kuuliza, usiifute.

Binti_Ujiji

Shukrani kaka Kinanda. Naomba kufahamishwa: filamu ya dakika 120 ni lazima basi iwe na dakika 42 za muziki mpya? Nikiangalia filamu nyingi nzuri hazifiki hapo.

Kinanda_Mwanga

Hapana dada. Asilimia inapigwa dhidi ya muziki, haipigwi dhidi ya urefu wa filamu. Filamu ya saa mbili yenye muziki wa dakika 20 tu, wote wa mtunzi, kwenye kipengele hiki ina asilimia 100. Kosa hili linafanya watu waifute filamu tulivu bila sababu.

Mzee_wa_Kibirizi

Vijana, niongezee historia, kwa sababu bila hiyo mtaendelea kushangaa kila Januari.

Nino Rota aliteuliwa kwa The Godfather mwaka 1973. Ikagundulika kwamba melodi kuu aliwahi kuitumia kwenye filamu ya Kiitaliano ya 1958 iitwayo Fortunella, uteuzi ukafutwa. Miaka miwili baadaye sehemu ya pili ikashinda, akiwa pamoja na Carmine Coppola, ingawa melodi ile ile ilisikika humo. Kanuni za enzi hizo zilisomwa hivyo, leo mwendelezo ungebanwa na ile 80.

Mwaka huo huo wa 1973 aliyeshinda alikuwa Charlie Chaplin na wenzake kwa Limelight, filamu ya 1952! Ilikuwa haijawahi kuonyeshwa Los Angeles hadi 1972, na kwa kanuni za wakati ule mwaka wake ukahesabiwa kuanzia hapo. Kwa hiyo mkitengeneza orodha, kwanza hakikisheni filamu imetimiza sharti la kuonyeshwa siku saba mfululizo kwenye ukumbi wa biashara katika mojawapo ya maeneo sita ya Marekani: Los Angeles, New York, eneo la ghuba ya San Francisco, Chicago, Atlanta au Dallas na Fort Worth. Filamu inayosifiwa kwenye tamasha mwezi Septemba inaweza kuwa ya mwaka unaofuata kabisa.

Halafu kuna msiba wa muziki wa zamani. There Will Be Blood ya 2007, muziki wa Jonny Greenwood, ilitolewa kwa kuwa sehemu kubwa ilitoka kwenye kazi zilizokuwepo. Black Swan ya 2010 ilitolewa kwa sababu mtunzi wake Clint Mansell aliujenga juu ya muziki wa zamani wa Tchaikovsky. True Grit ya mwaka huo huo, Carter Burwell akaponzwa na tenzi za kanisani. Birdman ya 2014 ndiyo inayouma zaidi. Ngoma za Antonio Sánchez zinaishika filamu kuanzia dakika ya kwanza, lakini mwongozaji aliweka pia vipande vya Mahler, Tchaikovsky na wengine, uwiano ukaharibika. Filamu ikabeba tuzo ya filamu bora, mpiga ngoma hakuwa hata kwenye karatasi ya kura. Arrival ya 2016 hivyo hivyo: Jóhann Jóhannsson aliondolewa kwa sababu mwanzo na mwisho wa filamu vilishikwa na kipande cha Max Richter, na kukawa na hofu kwamba mpiga kura atampa sifa mtu kwa kazi ya mwingine.

Angalieni Arrival kwa makini. Kilichoiangusha kilikuwa mahali kipande kile kilipokaa. Dakika chache za Z kwenye tukio la kilio kikuu zina uzito kuliko dakika kumi za Z zinazopita chini ya gari linalotembea. Mwenye daftari aweke nyota kwenye mistari hiyo.

Fundi_Spika_Gungu

Shikamoo mzee. Mimi nashughulikia upande wa vifaa, maana wengi humu wanahukumu muziki ambao hawajausikia.

Filamu zilizoingizwa sauti na DJ ziwekeni pembeni kabisa kwa kazi hii. Tafsiri inapoingia, sauti ya asili inashushwa, na kinachoshuka ni maneno pamoja na muziki kwa mpigo mmoja. Muziki wa kusindikiza ndio unaopotea wa kwanza kwa kuwa tayari ulikuwa chini. Tafuta toleo lenye sauti ya asili na maandishi ya tafsiri.

Spika ya simu haifai. Simu nyingi hazitoi sawasawa sauti zilizo chini ya takriban hezi 200, na huko ndiko kwenye besi, selo za chini, mivumo ya kinanda. Muziki wa All Quiet on the Western Front ya 2022 umesimama juu ya noti tatu nzito ambazo Volker Bertelmann alizipiga kwa kinanda cha upepo cha bibi mzaa bibi yake. Ukisikiliza kwa spika ya simu utasikia mlio mwembamba na utaandika "hauna kitu". Earphone za waya za bei ya kawaida, zikikaa vizuri sikioni, zinazidi spika ya simu ya gharama. Zisipoziba vizuri, besi inavuja, rudi hapo hapo kwenye kosa.

Kwenye runinga zima vile vipengele vya kukuza maneno na vile vya usiku. Kimoja kinasukuma muziki nyuma, kingine kinabana tofauti ya sauti kubwa na ndogo hadi kila kitu kiwe sawa, na mtunzi aliyejenga ukimya kabla ya kishindo anaonekana hajui kazi.

Kosa lingine ni faili lenye chaneli sita za sauti kuchezwa kwenye spika mbili bila programu kuzichanganya. Maneno yamekaa chaneli ya katikati, kwa hiyo yanafifia na muziki unaonekana unapiga kelele. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kicheza video uchague stereo, izichanganye zenyewe. Faili likiwa limebanwa sana utalitambua kwa matoazi yanayosikika kama maji yanayochemka. Hilo usilitolee hukumu.

Kiwango cha sauti: pandisha mpaka watu wanaoongea kwa kawaida wasikike kama wako chumbani nawe, kisha usiguse tena hadi mwisho. Mhandisi alichanganya sauti akitegemea hivyo.

Mpiga_Zeze_Kasulu

Kumbe ndiyo maana! Naulizia ile mivumo mirefu isiyo na melodi. Inahesabiwa muziki au sauti za mazingira?

Kinanda_Mwanga

Sikiliza kama inabadilika kinoti pale tukio linapobadilika, au kama inakubaliana na ufunguo wa kipande kinachofuata. Ikiwa hivyo, iandike M. Ikibaki pale pale kama jenereta ya jirani, iache. Usipoteze saa nzima hapo, kwa kawaida haibadilishi asilimia sana.

Dada_wa_Buzebazeba

Naomba nigusie wapigakura, maana ndio wanaosahauliwa.

Uteuzi unapigiwa kura na tawi la muziki la Akademia peke yake: watunzi wa filamu, watunzi wa nyimbo, wahariri wa muziki na wenzao. Mshindi wa mwisho ndiye anapigiwa na wanachama wote. Kwa hiyo kukadiria tano bora na kukadiria mshindi ni kazi mbili tofauti, na wengi wanazichanganya. Tano bora unajiuliza fundi anamheshimu fundi gani. Mshindi unajiuliza mwigizaji, mhariri na mbunifu wa mavazi wamekumbuka sauti ya filamu ipi.

Hii ndiyo inaeleza hali ya mtunzi John Williams. Ameteuliwa mara 54, ameshinda mara 5. Uteuzi wa 54 ulitokana na Indiana Jones and the Dial of Destiny ya 2023, filamu ambayo haikuteuliwa kwenye kipengele kingine chochote mwaka huo. Wenzake wa tawi walimwona, wanachama wote hawakumpa. Thomas Newman naye ana uteuzi 15 bila ushindi. Mtu akiweka jina la Williams kwenye tano bora asimcheke mtu, hesabu zinambeba. Akimweka kama mshindi, hapo aeleze kwa nini.

Pia msitegemee Golden Globe, tuzo nyingine za filamu, kupita kiasi. Kule wanaopiga kura ni waandishi wa habari. All Is Lost ilishinda Globe ya muziki mwaka 2014, First Man mwaka 2019, Challengers mwaka 2025, na muziki wa zote tatu haukuteuliwa Oscar. Inasaidia kama ushahidi kwamba watu wameusikia muziki. Kwa tawi la muziki siyo amri.

Kijana_wa_Katubuka

Dada, kwa Challengers siwezi kukubali kimya kimya. Trent Reznor na Atticus Ross walifanya kazi ambayo ukiitoa, filamu inakufa. Ilikuwa imeingia orodha ya awali ya filamu 20, ile inayochujwa hadi tano za uteuzi, ikakatwa kwenye tano. Si kwamba tawi haliwapendi elektroniki?

Dada_wa_Buzebazeba

Kaka yangu, kwamba ilistahili nakubaliana nawe, na niliiweka kwenye safu yangu ya wanaostahili. Lakini sababu ya elektroniki haisimami. Giorgio Moroder alishinda kwa Midnight Express ya 1978, Vangelis kwa Chariots of Fire ya 1981, na hao hao Reznor na Ross kwa The Social Network ya 2010. Mimi naona tatizo lilikuwa filamu yenyewe: haikupata uteuzi wowote ule mwaka huo, na filamu isiyo na nguvu sehemu nyingine inabebwa na jina kubwa la tawi kama Williams, au haibebwi. Waliopita ni The Brutalist, Conclave, Emilia Pérez, Wicked na The Wild Robot. Nne kati ya hizo zilikuwa na nguvu kwenye vipengele vikubwa, ya tano ilikuwa inawania filamu bora ya katuni.

Kinanda_Mwanga

Kwa hiyo naomba kila mmoja aweke safu mbili: watakaoteuliwa, na wanaostahili. Mtu asilaumiwe kwa safu ya kwanza kwa sababu ya safu ya pili.

Sasa kustahili. Hapa ndipo napenda tukae, kwa sababu ndiyo kiini cha uzi.

Tazama filamu mara ya kwanza bila daftari. Kesho yake, kabla hujaisikiliza tena, jaribu kuvumisha chochote ulichobaki nacho. Si lazima iwe melodi, inaweza kuwa mapigo au rangi ya chombo. Ukikosa kabisa, andika hivyo, ingawa bado haijaanguka.

Mara ya pili chagua matukio matatu: moja la mwanzo, moja la katikati lenye ukimya mwingi, moja la kilele. Kila moja litazame na sauti, kisha bila sauti, kisha sikiliza sauti bila kutazama picha. Unatafuta jambo moja: je, muziki unasema kitu ambacho uso wa mwigizaji hausemi? Ukiwa unarudia tu yale yanayoonekana, mtu analia na vinanda vinalia, huo ni uchoraji wa juu juu. Kwenye Joker ya 2019, selo ya Hildur Guðnadóttir ilitungwa sehemu yake kabla ya kurekodi picha, na ile ngoma ya chooni Joaquin Phoenix aliicheza akiisikia. Muziki ulitangulia mwili, ndiyo maana ukiuondoa tukio halina mfupa.

Kisha fuatilia melodi moja kuu kila inaporudi. Andika dakika, chombo, kasi. Ikirudi mara nane kwa sura ile ile, mtunzi amebandika. Ikirudi imepungua noti, imehamia kwenye chombo kingine au imegeuzwa mwendo, amesimulia. Oppenheimer ya 2023 ni darasa zuri: Ludwig Göransson ameanzia kwenye fidla, chombo kinachoweza kutoka utamu hadi wasiwasi kwa kidole kuteleza kidogo, na kipande kile cha ujana wa mwanasayansi kina mabadiliko 21 ya kasi. Sikiliza jinsi kasi inavyopanda bila wewe kuhisi ngazi.

Na msihukumu kwa albamu. Albamu imepangwa upya ipendeze masikioni, vipande vimerefushwa, vingine havimo kabisa kwenye filamu. Kinyume chake pia kipo: muziki unaochosha kwenye earphone unaweza kuwa umekaa pale pale panapotakiwa chini ya picha. The Brutalist ya 2024 ina dakika 215, mapumziko ya dakika 15 yakiwemo, na Daniel Blumberg alishinda nayo. Sehemu zake nyingi ni milio ya piano iliyowekewa vitu kwenye nyaya na tarumbeta zinazoingia na kutoka. Ukiisikiliza peke yake usiku inaweza kukushinda. Ndani ya filamu inasimamisha kuta.

Mpiga_Zeze_Kasulu

Vipi vyombo vyetu vya Kiafrika? Vinasaidia au mtunzi anahesabiwa amechukua cha watu?

Mzee_wa_Kibirizi

Inategemea vimefanya kazi gani. Black Panther ya 2018 ilimpa Göransson tuzo yake ya kwanza. Alikwenda Senegal, akafuatana na mwanamuziki Baaba Maal, akarudi na tama, ile ngoma inayobanwa kwapani na kuongea. Tama akaipa kazi: ndiyo inayomtambulisha mfalme. Chombo kikipewa mtu wa kumsemea ndani ya hadithi, fundi wa tawi anakisikia. Kikiwekwa kama pilipili ya dakika mbili pale kamera inapoonyesha nyika, kinasahaulika kabla ya majina ya mwisho.

Na kwa sisi wa mwisho wa reli: The African Queen ya 1951 ina meli ya Wajerumani iliyotokana na habari za Graf von Götzen, meli iliyounganishwa hapa Kigoma na ambayo leo ndiyo Liemba yetu. Iliteuliwa mara nne, Humphrey Bogart akashinda uigizaji. Muziki wa Allan Gray haukuteuliwa. Isikilizeni mkafanyie mazoezi ya daftari, ni fupi na muziki wake unaingia na kutoka kwa wazi.

Binti_Ujiji

Mzee, na filamu ya Tanzania? Vuta N'kuvute iliwasilishwa kuiwakilisha nchi mwaka 2022. Muziki wake haukuweza kushindana kwenye kipengele hiki?

Mzee_wa_Kibirizi

Kuwasilishwa na nchi kunakupa nafasi kwenye filamu bora ya kimataifa pekee, binti yangu. Ili muziki ushindane, filamu itimize na lile sharti la ukumbi wa Marekani. All Quiet iliwasilishwa na Ujerumani, na ikatimiza pia sharti hilo, ndiyo maana Bertelmann alishinda.

Watunzi wa hapa nyumbani waanze na jambo dogo tu: wakimaliza filamu waandike orodha ya kila kipande, muda wa kuingia na kutoka, nani katunga, nani kapiga. Biti za kupakua zilizo tayari ziandikwe waziwazi, kwa kuwa hizo ni muziki uliokuwepo kabla. Orodha hiyo hiyo itawafaa kwenye madai ya hakimiliki.

Kinanda_Mwanga

Tuweke utaratibu wa uzi basi. Orodha ya awali hutoka Desemba. Kwa tuzo za 2025 iliongezwa kutoka filamu 15 hadi 20, kati ya zaidi ya 140 zilizokuwa na sifa. Kila mtu aweke safu zake mbili kabla haijatoka, na aruhusiwe kurekebisha safu ya kwanza mara moja tu baada ya kutoka. Jina lisilo kwenye orodha ya awali haliwezi kuteuliwa, lifutwe bila mjadala. Kwa kila jina kwenye safu ya pili weka matukio matatu na dakika zake, ili mwenzako aweze kwenda kuyasikia hapo hapo.

Majina ya walioteuliwa kwa kawaida husomwa saa 11 na nusu alfajiri kwa saa za Los Angeles, ambayo kwetu ni saa 10 na nusu jioni. Sherehe yenyewe ikianza saa 10 jioni kule, kwetu ni saa 9 usiku, au saa 8 ikiwa wao wameshasogeza saa zao mbele mwezi Machi. Chajini simu mapema.

Anayeanza ni Fundi_Spika_Gungu, kisha tufuate kwa mpangilio wa waliochangia.

Fundi_Spika_Gungu

Nimepokea. Naanza na safu ya wanaostahili kwanza, nipeni hadi Ijumaa nimalize kupima mbili zilizobaki. Moja ni mwendelezo na R zake ni nyingi, mpaka sasa M iko asilimia 77 na sijafika kwenye majina ya mwisho.